Wastani Haushiki Waya: Mhadhara kuhusu Kupima Ubora wa Vikombe vya Kauri kwenye Laini za Msongo Mkubwa

Zabuni ya vikombe vya umeme, yaani vihami vinavyoshika waya kwenye minara, inapofunguliwa, karatasi inayotafutwa kwanza ni cheti cha jaribio la msongo. Cheti hicho hueleza kwamba kikombe kilipewa volti nyingi kuliko zitakazokifikia kazini, kikamwagiwa mvua ya bandia, kikapigwa radi ya maabara, na kikavumilia yote. Ni cheti cha lazima, na picha zake za cheche zinavutia. Lakini hoja ninayotaka kuitetea leo ni kwamba, kwa upande wa ubora wa kauri yenyewe, jaribio hilo ndilo linalotueleza machache zaidi. Kikombe cha kauri kinapaswa kupimwa kwa kufuata namna kinavyokufa, na kauri haifi kwa namna inayoonyeshwa kwenye picha ya cheche. Inakufa kwa ndani, polepole, mahali palipofunikwa na chuma. Kwa hiyo majaribio yenye maana kubwa zaidi ni yale ya kuvunja, kuloweka na kuhesabu, ambayo kwenye ripoti nyingi hujazwa kwa neno moja tu: kimefaulu.

Tuanze na umbo lake. Kikombe cha sahani kinachoning'inia chini ya mkono wa mnara kina asili yake mwaka 1907, pale Edward Hewlett na Harold Buck wa Marekani walipobuni kihami cha kuning'inizwa. Kabla yao kihami kilisimama juu ya pini, na kadiri msongo wa laini ulivyopandishwa ndivyo kilivyolazimika kuwa kikubwa, hadi kikawa mzigo usiobebeka. Wao walikigawa: vihami vidogo vingi, kimoja chini ya kingine, na msongo ukipanda unaongeza idadi tu. Sahani ya kawaida leo ina upana wa milimita 254, na kutoka kiungo hadi kiungo ni milimita 146. Kauri yake ni mchanganyiko wa kaolini, felspa na kwazi, uliochomwa katika tanuri kwa joto la nyuzi 1,200 hadi 1,300 hivi. Kaolini si ngeni kwetu. Vilima vya Pugu, karibu na Dar es Salaam, vinajulikana kwa udongo huo. Kauri huhimili kubanwa mara nyingi zaidi kuliko inavyohimili kuvutwa, na ndiyo sababu kichwa chake kinawekwa kati ya kofia ya chuma kwa nje na pini kwa ndani, saruji ikijaza nafasi zilizobaki. Waya unapovuta kwenda chini, umbo la kichwa huigeuza sehemu kubwa ya mvuto huo kuwa mbano. Ni ubunifu wa hali ya juu, lakini una gharama yake: sehemu ya kauri inayobeba mzigo wote, na inayobeba pia msongo wote wa umeme wa sahani hiyo, ndiyo ile ile isiyoonekana na jicho la mtu yeyote.

Sasa tazama kinavyokufa. Ufa mwembamba kama unywele hutokea kichwani chini ya kofia. Unyevu huufuata. Siku moja umeme hupata njia kupitia ufa huo na kikombe hutoboka. Kwa nje hakuna kilichobadilika. Sahani inang'aa vilevile, na fundi akitazama kwa darubini kutoka chini ya mnara anaona mnyororo mzima. Laini haizimiki pia, kwa sababu vikombe vingine vya mnyororo hugawana mzigo wa volti wa mwenzao aliyekufa. Kwenye laini ya kilovolti 132, mnyororo huwa na vikombe 9 au 10 hivi, na kufa kwa kimoja huvumilika. Lakini hapo ndipo tunapodanganyika. Kwa umeme, vikombe vinasaidiana. Kwa uzito, vinategemeana. Kiungo kimoja kikiachia, wenzake wote hawana msaada. Na radi inapopiga laini hiyo, mkondo wa maelfu ya ampea ambao ungeruka nje kwenye hewa unapita ndani ya kichwa kilichotoboka, joto na mvuke hutanuka ndani ya nafasi isiyo na pa kutokea, kofia hupasuka au huchomoka, na waya huanguka. Katika eneo letu radi si jambo la nadra. Utafiti wa data za satelaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliiweka Kabare, mashariki mwa Kongo, katika nafasi ya pili duniani, ikiwa na mimweko 205 hivi kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka.

Ukubwa wa tatizo hili huonekana tukifanya hesabu. Chukua laini ya kilovolti 400 yenye urefu kama wa kutoka Iringa hadi Shinyanga, kilomita 670 hivi. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba minara imeachana kwa mita 400, kila mnara una minyororo mitatu, na kila mnyororo una vikombe 24. Bila kuhesabu minara ya kona, ambayo huhitaji zaidi, tunapata zaidi ya vikombe 120,000. Ikiwa kwa mwaka kikombe kimoja tu kati ya 10,000 kitaachia, laini hiyo itaangusha waya mara 12, yaani mara moja kila mwezi. Hakuna shirika la umeme linaloweza kuishi hivyo. Kwa hiyo ubora tunaoutafuta haumo katika kikombe cha kawaida. Umo katika kile dhaifu kuliko vyote, na swali la kuuliza kila jaribio ni hili: linatuambia nini kuhusu kile dhaifu?

Tukiliuliza swali hilo jaribio la msongo, jibu lake ni fupi. Kikombe kikipewa volti hewani, kinachoachia kwanza ni hewa inayokizunguka. Cheche huruka kwa nje kutoka kofia hadi pini kabla kauri haijafikishwa kwenye ukomo wake. Tunachopima hapo ni urefu wa njia ya hewa na umbo la sahani: upana wake, mbavu zake za chini, namna mvua inavyoichuruzika. Vikombe viwili vilivyotoka kwenye kalibu moja, kimoja kikiwa kimechomwa vizuri na kingine kikiwa kimetolewa tanurini mapema, vitatoa majibu yanayokaribiana sana. Ni kweli kwamba kiwango cha kimataifa cha IEC 60383 kinataka kila sahani ya kauri, bila kubagua, ipandishiwe volti kiwandani hadi cheche zirukeruke kwa dakika kadhaa, na jaribio hilo huziondoa zile zilizokwisha kutoboka. Ila ufa mkavu usiopenya unene wote wa kauri unaweza kuvuka salama. Ndiyo maana kiwango hicho kimeweka jaribio la pili, ambapo kikombe huzamishwa ndani ya mafuta ili cheche isipate njia ya nje, na kauri ilazimike kujibu yenyewe. Lipo pia jaribio la pigo la ghafla, ambalo volti hupanda kwa kasi kiasi kwamba hewa haiwahi kuachia. Haya mawili yanaihoji kauri kweli. Lakini mengi ya majaribio ya msongo yanayoonyeshwa wateja yanaihoji hewa.

Majaribio ya pili, yasiyo na mvuto wowote, ni yale yanayoingia ndani ya udongo. Mnunuzi wa chungu sokoni haridhiki na rangi yake. Hukigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza mlio. Jaribio la vinyweleo linauliza swali hilohilo kwa ukali zaidi. Vipande vya kauri iliyovunjwa huwekwa katika spiriti yenye asilimia moja ya rangi ya fuksini, kisha hushindiliwa kwa shinikizo lisilopungua megapaskali 15, takriban mara 150 ya shinikizo la hewa tunayoivuta. Shinikizo likizidishwa kwa saa, jibu lisipungue 180. Kwa hiyo kwa megapaskali 15 vipande hukaa humo saa 12 au zaidi. Baadaye huoshwa, hukaushwa na kuvunjwa tena. Rangi ikionekana imepenya, kauri hiyo ina vinyweleo, na kile kilichopitisha rangi leo kitapitisha unyevu kesho. Jaribio la joto nalo huchukua kikombe kizima na kukizamisha katika maji ya moto, kisha katika maji baridi yanayopishana nayo kwa nyuzi 70, mara tatu mfululizo. Kauri, saruji na chuma havitanuki kwa kipimo kimoja, na ndani ya kauri yenyewe punje za kwazi ambazo hazikuyeyuka hubadili umbo zinapopita nyuzi 573 wakati tanuri linapoa, zikiacha nyufa ndogondogo zinazosubiri kichocheo. Kiwanda kilichoharakisha kupoza tanuri lake kinaweza kuaibishwa na beseni mbili za maji kuliko na mashine ya mamilioni ya volti.

Lakini jaribio lenye elimu kubwa kuliko yote ni la kuvunja. Kikombe hufungwa kwenye mashine, hupewa volti, kisha huvutwa hadi kishindwe, ama kwa kutoboka ama kwa kukatika. Kiwanda hutaja nguvu iliyoahidiwa, tuseme kilonyutoni 120. Watu wengi husoma wastani wa majibu na kufurahi ukizidi ahadi. Hapo ndipo kosa lilipo. Fikiria mafungu mawili ya vikombe, na kila fungu limetoa sampuli 8 za kuvunjwa. Fungu la kwanza lina wastani wa kilonyutoni 150, na mchepuko wastani, kipimo cha mtawanyiko wa majibu, wa 5. Fungu la pili lina wastani wa 155, na mchepuko wa 25. Anayesoma wastani atanunua la pili. Kanuni ya IEC kwa sampuli 8 inataka wastani usipungue nguvu iliyoahidiwa ukijumlisha mchepuko uliozidishwa kwa 1.42. Fungu la kwanza linahitaji 127.1 nalo lina 150. Linapita kwa nafasi kubwa. Fungu la pili linahitaji 155.5 nalo lina 155, halipiti. Na ni haki lisipite, kwa sababu majibu yaliyotawanyika hivyo, yakifuata mgawanyo wa kawaida, yanamaanisha kwamba kikombe kimoja kati ya 12 hivi kitakatika kabla ya kufika 120. Mtawanyiko ni ushuhuda wa kiwanda. Unaeleza kama udongo ulichanganywa vilevile Jumatatu na Ijumaa, kama joto la tanuri lililingana pembeni na katikati, kama saruji ilijazwa na mkono ule ule. Waya haushikwi na wastani. Unashikwa na kikombe kimoja, na kikombe hicho kimo mahali fulani katika mtawanyiko.

Bado kuna adui ambaye majaribio yote hayo yanaweza kumkosa, naye ni muda. Kikulacho ki nguoni mwako, na kikombe cha kauri kinavaa saruji. Saruji ya Portland isiyochaguliwa vizuri huendelea kuvimba kwa miaka mingi inapopata unyevu. Ikivimba ndani ya kichwa cha kauri, husukuma kwenda nje, na kauri inavutwa kwa namna ambayo haikuumbwa kuivumilia. E. A. Cherney na R. D. Hooton walichapisha mwaka 1987 utafiti wao kuhusu vikombe vilivyokufa kwa njia hiyo, na fundisho lake liko wazi: kikombe kinaweza kutoka kiwandani kizima, kikafaulu kila jaribio, na bado kikabeba ndani yake sababu ya kifo chake. Jaribio la joto na mzigo kwa pamoja, ambalo hukivuta kikombe huku joto likishuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri na kupanda hadi 40, kwa mizunguko minne ya saa 24, linasogea karibu na ukweli huo. Kipimo cha uvimbaji wa saruji yenyewe kinausogelea zaidi. Kipimo hicho ni rahisi kukifanya, na mnunuzi asipokitaja hana haki ya kushangaa asipokipata.

Nageukia pingamizi. La kwanza hutoka kwa wanahesabu. Watasema: kwa fungu la vikombe 5,000 mnavunja 8 tu, mtajua nini kuhusu 4,992 vilivyobaki? Pingamizi hili lina nguvu kuliko wengi wanavyokiri. Tuseme katika fungu hilo asilimia mbili ni vibovu, yaani vikombe 100. Nafasi ya kuchagua 8 bila kugusa hata kimoja kibovu ni asilimia 85. Anayetumia sampuli kama wavu wa kunasia vibovu atatoka mtupu mara nyingi. Lakini hili haliiangushi hoja yangu, linaithibitisha. Sampuli haiwezi kunasa kikombe kibovu, ila inaweza kupima mtawanyiko, na mtawanyiko unasema habari za fungu zima, pamoja na vile visivyoguswa. Ndiyo sababu neno "kimefaulu" mara nane halina thamani, na namba nane zilizoandikwa kamili zina thamani kubwa. Kazi ya kunasa vibovu kimoja kimoja imeachiwa majaribio ya kila kikombe: ukaguzi wa macho, volti, na kuvutwa kwa nusu ya nguvu iliyoahidiwa.

Pingamizi la pili ni la mfuko. Kuvunja vikombe vizuri ni hasara, kutuma wakaguzi ng'ambo ni ghali, na kiwanda tayari kina cheti cha mfumo wa ubora. Jibu ni kwamba bei ya kikombe ni sehemu ndogo sana ya bei ya laini, wakati waya ulioanguka huleta giza mijini, huzima mashine viwandani na unaweza kuua mtu au mifugo chini yake. Na cheti cha mfumo wa ubora husema kwamba kiwanda kina utaratibu. Hakisemi kwamba tanuri la wiki fulani lilifuata utaratibu huo. Ripoti ya jaribio la aina, ambayo hufanywa mara moja kwa muundo mmoja, nayo haiwezi kuwa shahidi wa fungu lililotengenezwa miaka kadhaa baadaye.

Pingamizi la tatu linasema tuachane na kauri. Vipo vikombe vya kioo, na vipo vihami vya plastiki vyenye kiini cha nyuzi za kioo. Kuhusu kioo nakubali jambo moja bila ubishi: kioo kilichokazwa kikiharibika hupasuka chote na kudondoka, kwa hiyo fundi hukiona akiwa barabarani, na kisiki kinachobaki kwa kawaida huendelea kushika waya. Ni faida kubwa. Lakini hupasuka pia kwa mawe ya watu wenye mkono mwepesi. Vihami vya plastiki ni vyepesi na hustahimili vizuri chumvi ya pwani, kama ile ya Mombasa na Tanga, lakini kiini chake kinaweza kuliwa na asidi na kukatika ghafla, nacho pia hakionekani. Kuhama kutoka kauri ni kubadilisha aina ya kifo, na kila aina itadai majaribio yake. Isitoshe, kauri iliyochomwa vizuri huzeeka kwa heshima. Jua halili uso wake. Tatizo halijawahi kuwa kauri nzuri. Ni kutoitofautisha na kauri mbaya.

Pingamizi la mwisho linatoka kwa wenzetu wa matengenezo: tukague laini zikiwa kazini, tutavipata vilivyokufa. Vifaa vipo. Kuna vipimo vya uga wa umeme vinavyoteremshwa kando ya mnyororo, kuna kamera za joto, kuna kamera za miale ya urujuanimno za kuonea korona, yaani mng'ao wa umeme unaovuja hewani, hata mchana, ambazo baraza la utafiti la Afrika Kusini, CSIR, lilishiriki kuziunda. Vyote vitumike. Ila vinaona kikombe kilichokwisha kupoteza uhami wake, wala si kile ambacho saruji imeanza kukisukuma na bado ni kikavu. Ukaguzi wa kazini huhesabu maiti. Majaribio ya ununuzi ndiyo yanayoamua maiti watakuwa wangapi.

Kutokana na hayo, matakwa ya mnunuzi ni machache na yanaandikika katika ukurasa mmoja wa zabuni. Sampuli zichaguliwe na mnunuzi mwenyewe, haki ambayo kiwango cha IEC kinampa, wala zisiwe zimepangwa tayari mezani. Namba ya kila kikombe kilichovunjwa iandikwe, pamoja na namna kilivyoshindwa: pini ilichomoka, kofia ilipasuka, au kauri ilitoboka. Vipande vilivyovunjika vipelekwe kwenye fuksini. Uvimbaji wa saruji utajwe na upimwe. Kila kikombe hubeba alama ya mtengenezaji, mwaka na nguvu yake. Alama hizo ziunganishwe na daftari linaloonyesha fungu gani lilining'inizwa kwenye minara ipi. Kisha, baada ya miaka 10 na tena baada ya 20, vishushwe vikombe vichache vya kila fungu, vivunjwe kwa mashine ile ile, na mtawanyiko wake ulinganishwe na wa siku ya kwanza. Mtawanyiko ukipanuka, fungu hilo limeanza kuzeeka hata kama halijaangusha waya hata mmoja. Shirika lenye namba hizo litajua ni minara ipi ya kubadilishiwa vikombe kabla ya msimu wa radi, na litaweza kumwonyesha mhasibu sababu. Lisilokuwa nazo litakuwa na vyeti vilivyoandikwa kimefaulu, na halitakuwa na njia yoyote ya kujua ni kikombe kipi kati ya 120,000 kinachofuata.